Ncha za Utepe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na naomba zikukute umekaa, maana ukisoma barua umesimama huwa unaunguza mboga. Shemeji hajambo? Goti lake je? Sisi huku wazima. Watoto wanakuulizia kila nikipika, sijui ni mapenzi kwako au ni malalamiko kwangu.

Juzi niliitoa cherehani ya mama kuifuta vumbi, nikajikuta nimekaa nayo asubuhi nzima. Nimekikumbuka chumba kile cha mbele, vitambaa mpaka chini ya kitanda, na sisi tukigombea kazi moja tu, kushika mshumaa. Mama hakukubali utepe wa nailoni ushonwe kabla ncha zake hazijapitishwa motoni, kidogo tu, nyuzi zishikane. Alisema ukidharau ncha, utepe wote utafumuka. Ile harufu nikiisikia mpaka leo namwona, pini mdomoni, akitugombeza kwa macho. Nimemkumbuka sana, dada.

Kilichonirudisha huko ni jirani yangu. Wiki iliyopita alikwenda kliniki kupimwa mlango wa kizazi. Hakuwa na maumivu yoyote, alichoka tu kusemwa na muuguzi kila akipeleka mtoto chanjo. Muuguzi akampaka siki iliyochanganywa na maji, akamulika kwa taa, pakatokea baka jeupe. Akamwambia hiyo si saratani, ila likiachwa miaka laweza kuwa saratani. Jirani akalia palepale. Muuguzi akamngoja amalize, kisha akamweleza kwamba wanaliunguza siku hiyohiyo, kwa kifaa chenye kichwa kidogo cha moto, na mtu anakwenda nyumbani kwa miguu yake. Ndivyo ilivyokuwa. Tumbo lilimkaza kama la siku zake, na kabla hajamaliza kusoma bango la ukutani, kazi ikawa imekwisha. Kaambiwa majimaji yatamtoka wiki kadhaa, asikutane na mumewe kwa muda, na arudi mwakani aangaliwe tena.

Mama alipoanza kuumwa alituambia ni mgongo. Tukamchua mgongo, tukambadilishia godoro. Tulipojua ugonjwa ulikuwa wapi hasa, hapakuwa na ncha tena ya kushika. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu tumzike, kwetu neno saratani halitajwi, na wewe ukiambiwa habari za kupimwa unasema una kazi.

Dada, sina jirani. Nyumba ya pembeni ina kufuli tangu mwaka jana. Aliyelala kwenye kile kitanda cha kliniki ni mimi. Ningeanza na mimi usingefika aya ya pili, ungekuwa stendi unalia, na mboga jikoni inaungua. Nilipolala pale niliutafuta mkono wako, kama enzi zile za kudungwa sindano. Nikashika ukingo wa kitanda.

Jumapili nakuja, Jumatatu tunakwenda kliniki wote wawili. Usiniambie una kazi, wala mgongo. Kitandani utapanda wewe, na mkono nitakushika mimi. Sitaki siku moja watoto wetu wakae wanatuchua migongo.

Nisalimie shemeji na goti lake. Wote hapa wanakusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Kifungo