Kanga Iliyodhaniwa ya Uchaguzi

Cedar Hill, Texas

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta miguu imepungua kuvimba, na dawa unakunywa bila kubembelezwa. Mimi sijambo. Joto la Texas limeanza, na wazee ninaowauguza kazini wanagombania feni kutwa nzima.

Leo nina kisa, na usicheke kabla hujafika mwisho. Ile kanga uliyonipa kwa mkono wa Salma alipokuja likizo huko imeingia kwenye siasa za Marekani.

Ilikuwa hivi. Maktaba moja ya mji jirani iliandaa maonyesho ya nguo za akina mama. Jirani yangu Bi Loretta, Mmarekani mweusi, mtu mzima wa makamo yako, alipeleka blanketi lake la viraka, akanishawishi nami nipeleke kitu. Nikapeleka kipande kimoja cha kanga. Wakaniomba niandike kwa Kiingereza maana ya maneno yake, nami kwa ujinga wangu nikaandika sawasawa: AHADI ZAKO ZIMENICHOSHA.

Kumbe kampeni za umeya zimepamba moto, na meya aliyepo anagombea tena! Siku ya pili watu wa mpinzani wake wamejaa mbele ya kanga yangu, wanapiga picha. Siku ya tatu watu wa meya wakapeleka malalamiko kwamba jengo la umma halifanyiwi kampeni. Salma akanipigia simu anagomba: "Wewe nawe, nani alikutuma u-translate kila kitu? Si ungewaambia tu ni maua!"

Bi Loretta hakushangaa. Zamani, akiwa binti, blanketi lake lilikataliwa kwenye maonyesho kwa sababu alikuwa ameshonea jina la mtaa ambako watu weusi hawakuruhusiwa kupanga nyumba. "Hapa wanakipenda kitambaa chako mpaka siku kitakapoanza kusema," aliniambia. Nimelifikiria sana neno hilo. Huku mtu anaweza kumchora rais na masikio ya punda, gazeti likauzwa, na hakuna anayemgusa. Lakini pale panapolipiwa na serikali, sanaa inatakiwa ikae kwa adabu. Nyumbani tulikuwa na vikundi vya ngoma vya kumsifu kila kiongozi aliyeshuka kwenye gari. Hapa hakuna anayekulazimisha kusifu, ila watataka kujua uko upande gani, hata kama umekuja na nguo ya kujifunga tu.

Nikaitwa kikaoni. Walikuwepo watu kama thelathini. Msimamizi wa maktaba, mama mpole kweli, akaniomba nikunje pindo la chini ili maandishi yasionekane. Nikamwambia kanga isiyo na maneno yake ni kitambaa cha meza. Hapo mzee mmoja wa upande wa meya akasimama. "Basi tuambie," akasema, "anayeambiwa hayo maneno ni nani?"

Ningeweza kudanganya, Mama. Nikaanza kuzunguka, nikawaeleza kwamba kwa Kiswahili ni "zako", si "zenu", kwa hiyo anayeambiwa ni mtu mmoja.

"Nani?" akauliza tena.

"Mimi," nikasema. "Kanga hii nimetumiwa na mama yangu. Ni miaka sita namwahidi kwamba narudi."

Wakapiga kura, kanga ikaachwa ilivyo. Lakini wapiga picha hawakuonekana tena, maana walipojua haimhusu meya haikuwa na faida kwao. Hilo liliniudhi kuliko malalamiko yenyewe, kana kwamba neno la mama kwa mwanawe ni dogo kuliko la mpiga kura kwa mgombea.

Sasa nikwambie na wewe. Nilipoipokea kanga ile nilikusifia rangi kwenye simu. Maneno nilikuwa nimeshayasoma, nikajifanya sikuelewa. Na zile karatasi za ukaazi ninazozisingizia kila Idi zilitoka mwaka juzi. Kilichonizuia ni aibu. Baba alizikwa mimi sipo, nikaogopa kusimama mbele ya kaburi lake, na mbele yako, nikiwa nimechelewa kiasi hiki. Nisamehe, Mama. Inaniuma kwamba watu thelathini nisiowajua wameusikia ukweli huu kabla yako.

Nisalimie kaka Hamisi na wifi yangu, na shangazi Mwanahawa aliyenilea ulipokuwa unaumwa. Msalimie na jirani yetu Mama Zuhura, anayekusomea barua tangu macho yako yaanze kusumbua. Mwambie hii asiruke mstari hata mmoja, hata akiona unalia.

Safari hii siahidi kitu. Tiketi nimeshakata, nafika Tanga mwezi wa Julai.

Mwanao,
Mwanaidi