Gauni la Shule ya Kule

Jumatatu, 3 Novemba

Binti yangu namwandika hapa daftarini maana usoni nimeshamwambia na hakusikia: mama mzima hachagui mji kwenye simu kama anayechagua viatu! Kiatu kikikubana unakivua. Mji ukikubana utauvulia wapi?

Zahanati anayofanyia kazi inafungwa mwisho wa mwaka. Yeye ni mkunga, mikono yake mizuri, hilo hata adui hawezi kulikataa. Hospitali mbili zimemwita. Moja iko mji wa baridi, kule juu, wanampa na nyumba. Nyingine iko mji wa reli. Zote mbali na mimi. Amekaa jikoni jioni nzima anavuta picha kwa kidole — huku miti, huku barabara, huku shule ina bembea. Chai imepoa mbele yake.

Mtoto anamlea peke yake. Yule mwanamume alishajiondokea, ana mke mwingine, na nchi yenyewe nyingine. Mkunga anaingia zamu za usiku. Usiku huo mjukuu wangu atalala na nani? Hapa analala na mimi. Miguu yake mgongoni kwangu, baridi kama vijiko.

Nikamwambia: nenda unakotaka, mimi hapa sihami mpaka nibebwe.

Akasema, haya Mama.

Haya! Alitakiwa abishe. Hakubisha.

Alhamisi, 6 Novemba

Chiriku ametoka shule hajavua hata viatu, ameshika simu. Chiriku ndiye mjukuu wangu, jina nimempa mimi kwa sababu mdomo wake haupumziki. Anaongea na Bibi wa Simu. Huyo ni mama yake yule mwanamume. Mtoto wake amekimbia, yeye amebaki anatuita kila siku kwenye kioo, uso mzima, miwani puani. Na yuko wapi? Mji wa reli. Ndiyo!

Nilikuwa nazungusha cherehani, kwa hiyo sikusikia yote. Nilisimamisha gurudumu kidogo ili nisikie. Anamuuliza mtoto amekula nini, amesoma nini, jino limeng'oka? Jino limeng'oka juzi. Mimi ndiye niliyeling'oa, kwa uzi wangu mwenyewe! Yeye analiona kwenye kioo anapiga makofi.

Chiriku akaniletea simu, eti Bibi anakusalimia. Nikamwambia amjibu nina sindano mdomoni.

Sikuwa nayo. Nikaiweka ili nisiwe mwongo.

Jumapili, 9 Novemba

Wamekwenda mji wa reli kuona. Wanarudi kesho. Binti yangu anasema si kwamba ameamua, anaona tu. Mwanamke ambaye hajaamua habebi vyeti vyake vyote.

Nyumba kimya. Nimeshona mapazia ya mteja mapema yakaisha. Nikafua. Nikaenda kwa seremala jirani kumwambia mguu wa meza ya cherehani unacheza. Akaja, akaugonga mara moja, ukatulia. Akaniuliza kale kachiriku kako wapi leo. Nikamwambia kamekwenda kuangalia bembea. Akacheka, akasema basi mwishoni watakuchukua na wewe, Mama Fundi. Nikamuuliza kwani mimi ni kabati?

Nimepika chakula cha watu watatu. Mkono umezoea.

Jumatatu, 10 Novemba

Wamerudi. Chiriku anasema kwa Bibi kuna paka, kwa Bibi kuna ngazi, Bibi anaimba akiosha vyombo, Bibi anajua kupiga mluzi. Kwa Bibi, kwa Bibi! Nikamuuliza mimi ni nani. Akasema wewe ni Bibi wa nyumbani. Hilo nilikubali. Lakini nimelifikiria baadaye. Wakihamia kule, nyumbani patakuwa wapi?

Amerudi na fulana ya sufu, imefumwa na yule mwanamke mwenyewe. Walipoingia kuoga niliigeuza ndani nje. Nikatafuta uzi uliokatika, fundo lililojitokeza, bega moja kubwa kuliko jingine. Nikaipeleka mpaka dirishani kwenye mwanga.

Hakuna kitu. Imenyooka. Hata mimi nisingeweza, maana mimi ni wa cherehani, si wa kufuma.

Nikaikunja vizuri. Ningeitupa ningeonekana.

Jumatatu, 17 Novemba

Mji wa baridi umekufa. Binti yangu amewaandikia kuwa haendi. Anasema nyumba ya bure bila mtu wa kumwachia mtoto ni kuta tu. Kwa hiyo ni mji wa reli. Yule mwanamke atalala na Chiriku siku za zamu. Miguu ya vijiko sasa mgongoni kwake.

Hakuniambia kwa mdomo. Ameniambia kwa kitambaa. Ameweka juu ya cherehani kitambaa cha zambarau, kakinunua kulekule siku ile, kumbe kilikuwa kimefichwa chini ya sanduku. Sare ya shule ya kule ni zambarau. Huku kwetu hata ukizunguka maduka yote hakipatikani, nimeshauliza. Akasema, "Mama, nani mwingine atamshonea? Wewe ndiye unayeujua mwili wake."

Ananipaka mafuta nikiwa nimeshakaangwa.

Nilisema sishoni. Baadaye nikakinusa. Kitambaa kizuri, kizito, hakitachuja. Yule mwanamke ndiye aliyewapeleka dukani. Hata duka analijua!

Ijumaa, 21 Novemba

Nimekata.

Chiriku sikumpima. Sijawahi kumpima kwa futi tangu azaliwe. Wengine nawapima, yeye namkata kwa macho. Na wakati huo alikuwa kwenye simu anafundishwa mluzi. Fiii, fiii, nyumba nzima. Mkasi wangu ukaenda wenyewe.

Na pindo. Watu wote wa mtaa huu wanajua gauni langu la shule lina pindo nene la ndani, ubavuni na chini. Mtoto akirefuka unafumua, unashusha, mwaka unasogea. Ndiyo alama yangu. Hili sikuliachia. Nimekata karibu na mshono, jembamba kama kucha. Nilisema moyoni: akikua, bibi yake wa kule amshonee jingine.

Nimeshona mpaka nikamaliza, nikapiga pasi. Kola imekaa. Nimelitundika mlangoni. Linapendeza, na linaniudhi.

Jumamosi, 22 Novemba

Chiriku amelivaa asubuhi.

Halikuingia.

Yaani liliingia, halafu likakataa. Kwapani limembana, vifungo vya mgongoni haviufikii upande wa pili, na chini limekomea juu ya magoti kabisa. Akainua mikono ili anionyeshe, mshono ukalia. Hakulalamika. Chiriku, ambaye hulalamika hata jua likitoka! Akaniambia, "Bibi, labda nitapungua kabla ya shule kufunguliwa."

Nilikaa kwenye stuli.

Nilimkatia mtoto wa mwaka jana. Huyo ndiye niliye naye machoni. Huyu amerefuka, mabega yamefunguka, kiuno kimeanza kujitafuta, na mimi nalala naye kitanda kimoja! Nimeangalia simu tu. Nimemwangalia yule mwanamke kwenye kioo kuliko nilivyomwangalia aliyeshika kioo.

Na hakuna pa kufumua. Pindo halipo. Nimejifungia mlango na ufunguo nimeutupa mwenyewe.

Binti yangu alitoka chumbani, akaona, akalishika gauni upande wa ndani. Yeye kakulia chini ya cherehani hii. Alitafuta pindo kwa kidole, hakuliona. Akaniangalia.

Akasema pole pole, "Ulijua hutalishusha wewe."

Nikaenda kufagia nje. Palikuwa pameshafagiliwa.

Jumatano, 26 Novemba

Bibi wa Simu ameshajua. Nani kasema? Chiriku, nani mwingine. Nimemsikia akieleza kwa furaha kuwa Bibi amekosea kwa mara ya kwanza duniani. Sauti ya kule kwenye kioo ikasema usijali mjukuu wangu, kitambaa kipo dukani, nitanunua kingine.

Na mafundi kule wapo. Mji mkubwa, mafundi wamejaa. Fundi wa kule, na futi yake shingoni, atamgeuza geuza mtoto wangu kama gunia, atashona bila pindo, tena yeye si kwa hasira, kwa uvivu tu. Na mtoto atakwenda shule siku ya kwanza hana uzi wangu hata mmoja mwilini.

Sijala vizuri. Chai tu.

Alhamisi, 27 Novemba

Leo tumegombana, mimi na binti yangu. Ilianza na sufuria. Aliuliza hii anaweza kuondoka nayo, nikamwambia chukua, chukua zote, mimi nitakula viganjani. Akaweka sufuria chini. Akaniuliza ninataka nini hasa. Nikasema sitaki kitu, mtu akiachwa anaachwa.

"Nani amekuacha, Mama? Ulisema huhami mpaka ubebwe."

Nikamwambia niliyasema ili abishe.

Alinikodolea macho kama nimeota pembe. Akasema tangu utoto wake hajawahi kuniona nasema neno halafu ninataka kinyume chake, na aliyewahi kunibishia humu ndani alilala njaa. Sasa angejuaje? Akasema mwezi mzima anakuja mpaka mlangoni kwangu kuniomba tuondoke wote, anasikia cherehani inavyonguruma, anarudi.

"Nilijua utanicheka," akasema. "Mwanamke wa umri wangu, na mtoto, bado anamtaka mama yake."

Sikucheka. Nilimwambia aokote sufuria, inazuia njia.

Lakini hakuniomba basi! Kaeleza kwamba alitaka kuniomba, kisha akaokota sufuria. Na nyumba yenyewe si yake, ni ya yule mwanamke. Nikaishi kwa mtu kama mgeni, nikaoshe vyombo huku mwingine anaimba? Mimi siimbi.

Jumapili, 30 Novemba

Simu imelia asubuhi. Chiriku yuko bafuni, binti yangu yuko zamu. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikaipokea ili inyamaze.

Uso huo. Bila miwani ni mzee kuliko nilivyodhani. Ameniita mwenzangu. Nikamwambia mtoto anaoga. Akasema hakumtafuta mtoto.

Akasema, "Mwenzangu, walipokuja hapa nilisikia habari zako mpaka nikachoka. Bibi anakunja shuka hivi. Bibi hatii chumvi kabla ya kuchemka. Nimefuma ile fulana, vidole vinauma, mtoto ananiuliza pindo liko wapi."

Nikamwomba arudie hapo kwenye pindo. Nilijifanya sikusikia. Akarudia.

Nilifurahi. Si furaha nzuri, lakini nimeila yote.

Halafu akasema goti lake halipandi ngazi vizuri siku hizi, na mtoto yule anakimbia, na usiku mzima peke yake naye anaogopa, ila mkwewe, yaani binti yangu, hajamwambia kwa sababu akijua atabaki bila mji wa kwenda. Nikamwambia kwa nini unaniambia mimi. Akasema nimwambie nani, paka?

Kitambaa amenunua. Nikamwambia akipakie kwenye basi, nitakishona huku. Akasema mabasi yanapoteza mizigo. Nikasema basi ampe fundi wa huko. Akasema hapana, mafundi wa huko hawajui pindo. Amekiweka tu mezani, kwenye chumba cha mbele. Chumba hicho hakilali mtu. Kina dirisha kubwa.

Tulitazamana kwenye kioo wanawake wawili wazima, kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme.

Nikamwambia mtandao unakatika. Nikazima.

Sijasema ninakwenda. Iandikwe hapa wazi kwamba sijasema. Bado simpendi, na huo mluzi atauacha. Lakini Chiriku alipotoka kuoga nimemsimamisha mbele ya kabati, nikatoa futi ya wateja, nikampima. Bega, kifua, kiuno, mpaka chini ya goti. Alicheka kwa sababu futi ni baridi. Amezidi kila mahali. Nimeongeza na pindo, nene, la miaka.

Sasa basi. Fundi hashoni jua likimpiga machoni. Kesho binti yangu akitoka zamu apige simu aulize dirisha la chumba cha mbele linaangalia wapi, asubuhi au jioni. Asiseme ni mimi niliyeuliza. Na seremala aje na bisibisi yake, ile ya kufungulia cherehani kwenye meza, akae hapo barazani anywe chai. Cherehani asiiguse mpaka nimwambie. Lakini aje.