Imesambazwa Mara Nyingi

Kaka,

Salamu nimezimeza, maana zingetoka zimechanganyika na matusi. Huku paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa, na cherehani ya mama wiki ya pili sasa imefunikwa shuka.

Ule ujumbe wako wa WhatsApp, kwamba vidonge vya presha vimetiwa sumu ili wazee wapungue, mama alinisomea kwa sauti huku akipiga pasi. Nikamuuliza, "Nani kasema, mama? Daktari gani?" Akanionyesha maneno madogo yaliyo juu yake: Imesambazwa mara nyingi.

"Unaona? Watu wote hao wamehakikisha. Na kaka yako msomi, hawezi kunitumia upuuzi."

Onyo lenyewe la WhatsApp kalisoma kama muhuri wa ukweli! Vidonge vyake akavimwaga chooni.

Siku ya tisa alianguka akiwa anashona. Upande wa kushoto umepooza, mdomo umekwenda kombo, mate namfuta mimi.

Nilipokupigia ukasema wewe ulituma tu, hukuandika. Nzi naye hatengenezi uchafu, kaka, anaubeba tu mpaka kwenye sahani ya mtu.

Na jana umeniandikia nikutumie picha ya mama na cheti cha hospitali kabla hujakata tiketi, uhakikishe kama kweli kapooza, kwa sababu "siku hizi watu ni waongo sana."

Kumbe kuuliza unajua.

Ni mimi,
mdogo wako.