Neno Nililolipigia Muhuri

Ankara, 14 Machi

Dada yangu mpendwa Nezahat,

Nakubusu mikono, nawe nibusie ya mama. Magoti yake yanasemaje na baridi ya Sivas? Sisi huku ni wazima wa mwili, ila mimi nimenuna wiki nzima, na mke wangu Gülten anasema nikiendelea hivi atanihamishia roshani nikae na chupa za achari. Unga wa supu ya tarhana umefika. Ahsante sana.

Kinachonitia hasira ni kazi. Watu wanadhani mfasiri aliyekula kiapo hukaa tu, akanywa chai na kugonga mihuri. Juzi mhariri wa gazeti la Kiingereza alinirudishia habari ya askari aliyeuawa mpakani, akataka niondoe neno “shahidi”, yaani aliyekufa kishujaa kwa ajili ya nchi na dini, eti linapendelea upande. Nikaliondoa. Baba wa askari, aliyesomewa habari hiyo na mpwawe, akanipigia simu kuniuliza kama mwanawe amekufa kwa mafua. Nikiliweka nalaumiwa, nikilitoa nalaumiwa vilevile.

Lakini hakuna lililonitesa kama lile la kwenye barua yako ya kufukuzwa ualimu, uliyotaka niitafsiri: iltisak. Miaka ishirini ya kazi hii sijaona neno lenye hila namna ile. Ni la kale, na maana yake ni kugandana, kama wali ulioshika sufuria. Waliokutoa darasani hawakusema ulijiunga na kundi lililopigwa marufuku. Walisema umegandana nalo. Wapi, lini, kwa gundi gani, hawakusema. Sasa mweleze Mwingereza hayo kwa neno moja! Nililigeuza huku na huku, likagoma kukaa.

Mwisho niliandika sentensi ndefu, nikaeleza kwamba neno lenyewe halithibitishi kosa lolote, nikaipeleka kwa mthibitishaji wa nyaraka. Unamkumbuka karani wake, Rüştü? Kiingereza hajui, ila kuhesabu mistari anajua: wa Kituruki mmoja, yangu minne. Akaniuliza hiyo mitatu imetoka wapi. Nilipomweleza akanitazama juu ya miwani, akasema kwa sauti, “Bwana Feridun, uwakili umeanza lini? Fupisha bwana, usituletee balaa. Au na wewe umegandana nao?” Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Dada, uliponipigia simu ukilia kwamba ile shule ya Uingereza uliyoomba kufundisha imekukataa, nilikwambia wale watu hawajui kusoma, uwapuuze. Wanajua kusoma. Walisoma nilichoandika mimi. Siku ile foleni iliponicheka, nilirudi ofisini kwangu, nikafuta mistari yote minne, nikaweka neno moja la Kiingereza lenye maana ya mwanachama. Wewe, mwanachama wa kundi lililopigwa marufuku! Nikagonga muhuri, nikarudi kwa Rüştü, akanisifu kwamba sasa imekaa vizuri. Haikuwa bahati mbaya, nilijua ninachofanya. Niliogopa tu, kwa sababu jina lililo chini ya karatasi ile ni langu, na nikaona afadhali liumie lako, ambalo lilikwisha kuumia. Nimeona haya hata kuliandika hili.

Katika bahasha hii kuna tafsiri mpya, yenye mistari yake minne na muhuri wangu. Safari hii Rüştü hakutania. Aliandika jina langu kwenye kijitabu chake, sijui kwa ajili ya nani. Kuna pia barua yangu kwa shule hiyo, nikikiri kosa ni langu. Huenda nafasi yako wameshampa mwingine. Zitume zote mbili hivyo hivyo, dada.

Gülten anakusalimu, naye hili halijui bado, nitamwambia leo. Mama mwambie supu ni tamu. Nawe ukitaka kunitukana nitukane, usinionee huruma. Neno lolote utakalolichagua, nitalielewa bila tafsiri.

Mdogo wako,
Feridun