Eti Mama Hakupenda Kinanda

Mama yangu,

Huko uliko najua maneno ya watu hayakusumbui tena, lakini leo nakusumbua mimi. Nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia, maana jambo lenyewe ni lako.

Unaye mjukuu mwenye jina lako. Feza wangu alianza kutembea mvua zilipoanza, na hapa kijijini kwetu Wamaza anatawala kama wewe. Yaya Bonifasi, kaka yangu, mtoto wako wa kwanza, akikojolewa mapajani anasema "pole, mama". Kuku akichinjwa, mnofu wa kwanza ni wa Feza. Uyoga hapewi, kwa sababu wewe uyoga ulikuwa unakutia kichefuchefu. Sawa, ndivyo mwenye jina la marehemu anavyolelewa kwetu, sina neno. Ila mtoto huyu anapiga kila kitu: sufuria, mlango, kichwa cha baba yake akilala. Na akipiga, anatega sikio kwanza, halafu anapiga tena. Nilipoona vile nikapanda pikipiki mpaka Kasongo kumtafutia kapiano ka kuchezea.

Mama, vitu vya siku hizi ni uongo mtupu. Kapiano ka kwanza, ukigusa popote kanaimba wimbo mzima kenyewe. Sasa mtoto afanye nini, apige makofi? Ka pili, kila kibonye ni mnyama: ng'ombe, bata, mbwa. Mimi mbuzi wa jirani wananitosha. Ka tatu kalikuwa kazuri, lakini kifuniko cha mapile, zile betri zake, kilining'inia bila skrubu, na Feza anameza hata vifungo vya shati. Nikachambua kama mtu anayechambua mchele, muuzaji akinitazama kwa macho ya kuchoka, mpaka nikapata kamoja kamechubuka pembeni, bila taa wala ng'ombe, kila kibonye na sauti yake. Muuzaji akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Nilipojibu, akakarudisha mezani.

"Hii iko ya watoto wanaume, mama. Mutoto mwanamuke unamunulia pupe ya kubeba mugongoni."

Nikamwambia vidole havivai suruali. Nikalipa, nikaondoka nako.

Jumapili ndugu walikuja kula. Feza alikuwa mkekani na kapiano kake, anapiga, anasikiliza, anapiga. Yaya Bonifasi, ambaye siku hizi ndiye mpiga kinanda wa kanisani kwetu, akakatoa mikononi mwake na kukaweka juu ya kabati. Hata hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama mtu anayekumbusha watu sala.

"Mama hakupendaka kinanda. Yeye aliimbaka tu. Tusimugeuze."

Na wote wakaitikia kwa kichwa, hata mama mkubwa, dada yako wa tumbo moja. Mtoto akalia, wakampa mnofu.

Eti hukupenda. Mama, nilisikia damu inanipanda mpaka masikioni. Nani alikuwa anapangusa kile kinanda cha kukanyaga cha kanisani kila Jumamosi, kwa kipande alichokata kwenye kitenge chake mwenyewe? Siku ile mwalimu wa kwaya alikukuta umekandamiza kibonye kimoja. Hukukanyaga hata, hakikutoa sauti. Akakuambia mbele ya waimbaji wote kwamba mwanamke amepewa koo la kuimbia, vidole vyake ni vya kuchuma majani ya sombe. Watu wakacheka, nawe ukacheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimekushika mkono, nawe ukanibana vidole mpaka vikaniuma. Hukukigusa tena. Kwanza wakakukataza, kisha wakakuona hugusi, leo wanasema ndivyo ulivyopenda, na wanataka mjukuu wako arithi katazo lao kwa jina lako. Huo ni wizi, mama, na umefanyiwa ukiwa kaburini.

Mimi nakumbuka benchi la nyuma ya nyumba. Tulikuwa tunamenya karanga, na vidole vyako vikaacha karanga vikaanza kutembea juu ya ubao, huku na huku, macho umeyafumba. Nikauliza unahesabu nini.

"Sihesabu. Ninapiga," ukasema. "Mukono wa kushoto ndio unanisumbuaka."

Hayo yote nilimwambia yaya mbele ya sahani. Akajibu kwamba nilikuwa mtoto, labda niliota. Basi nikamshika kwa desturi yake mwenyewe. Nikamwambia: kama Feza ni mama yako, basi mimi niliyemzaa Feza ni nyanya yako, na nyanya anasema kapiano kashuke. Mama mkubwa akacheka mpaka akakohoa. Yaya akavaa kofia yake akaondoka, akaacha bugali nusu.

Nikakashusha mwenyewe. Feza akavuta kamasi, akatega sikio, akapiga. Alipiga kwa mkono wa kushoto. Mama mkubwa akanyoosha mkono amhamishie kulia, kama tunavyowafanya watoto wote.

"Mwache," nikamwambia.

Akamwacha. Tangu siku hiyo humu ndani ni kelele tupu, wala sikudanganyi kwamba ni wimbo. Jirani analalamika. Yaya hajarudi kutusalimia. Nami hasira yangu haijapoa, na sina haraka ipoe. Feza akipata kimo kidogo nitamchukua mwenyewe siku ya kwaya, watu wote wakiwepo, nimketishe kwenye kile kiti cha kinanda. Anayetaka kucheka atacheka, lakini safari hii mimi sitacheka naye.

Wewe pumzika, mama. Mkono wa kushoto umeshaanza kujifunza.

Ni mimi, binti yako, ambaye sasa ni mama yako.