Mama Alipofika Chongwu

Shaowu,
mwezi wa mavuno ya chai ya kwanza

Dada yangu mpendwa Shuqin,

Nakusalimu wewe na shemeji, nikitumaini kwamba baridi ya huko Harbin imeanza kuwahurumia. Kifua cha shemeji kinaendeleaje? Mwambie asiache kunywa ile dawa ya majani kwa sababu tu ni chungu. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini akishaanza kuwakaripia kuku hulisahau.

Utashangaa kupata barua ya kalamu wakati simu ipo. Mama hukaa karibu nami kila ninapoongea na simu, na ujumbe ukiingia hutaka asomewe. Haya ninayokuandikia hapaswi kujua kwamba nimekwambia.

Safari yetu ya pwani alikusimulia mwenyewe: tulikula samaki, tukaona bahari, jamaa zake hatukuwapata, tukarudi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Fuzhou tulishuka na njaa. Mama akauma kitonge cha samaki bila kujua kwamba ndani kina nyama na mchuzi wa moto, ukamrukia hadi kwenye kola. Muuzaji alicheka, akasema watu wa milimani hujulikana kwa namna wanavyouma. Mama akamjibu kwamba na watu wa pwani hujulikana kwa namna wanavyoficha nyama. Waliagana kama marafiki wa zamani.

Kutoka hapo tulifuata pwani kwa basi. Mahali pa kwanza tuliposhuka aione bahari, maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yetu palikuwa na tope tupu hadi upeo wa macho, na wanawake wenye vilemba wameinama wakichimba chaza. Mama akaniuliza nani ameimwaga. Kwa mbali mwani ulianikwa kwenye kamba kama nguo za jeshi zima. Kwenye kijiji cha wavuvi cha Xunpu, mabinti waliotoka miji mikubwa walikuwa wamefungwa maua kichwani ili wapigwe picha mbele ya kuta za maganda ya chaza. Bibi mmoja wa maua akamng'ang'ania Mama. Mama akasema yeye ni mzee mno kwa maua. Bibi yule, ambaye alimzidi Mama umri, alimwambia akae chini aache kumtukana. Mama akakaa. Sikuwahi kumwona akipendeza vile, na picha ninayo.

Tulipofika Chongwu ndipo alipobadilika. Tulikuwa kwenye kichochoro kati ya nyumba za mawe, mwanamke mmoja akamwita mtoto wake aje kula, kwa lugha yao ambayo mimi sikuambulia neno. Mama aligeuka kana kwamba ameitwa yeye. Aliniuliza kama nimesikia chakula kiko tayari.

Unakumbuka Babu, kabla hajafa, alimwambia Mama kwamba alimchukua mwaka wa njaa kutoka kwa mchonga mawe wa ukoo wa Zhuang, aliyekaa nyuma ya hekalu la Mazu, mungu wa kike wa bahari, na kwamba jina alilokuja nalo lilikuwa Ayin. Dada, nyumba hiyo tuliipata. Haikutuchukua hata asubuhi nzima.

Uani alikuwepo mzee mmoja mwenye vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, akichonga simba wa mlangoni. Anaitwa Zhuang Tianfu. Alituuliza, kwa lugha ya taifa, kama tumekuja kuagiza kazi. Kabla sijafungua mdomo, Mama akasema sisi ni wapita njia, tumependa simba wake. Yule mzee akaona si vizuri mtu mzima asimame juani. Mkewe hakuwepo, kwa hiyo alituchemshia chai mwenyewe, akatupikia na tambi za chaza, huku akiomba radhi kwa chumvi kabla hatujaonja.

Ukutani palikuwa na picha za wazazi wake, na chini yake kibao kidogo chenye jina la Ayin. Aliona Mama anakitazama. Akamweleza kwamba huyo ni dada yake mkubwa, aliyekufa kwa homa mwaka wa njaa, yeye akiwa bado ananyonya.

“Nyumba nyingi hapa zilitoa mabinti zao mwaka ule,” akasema. “Mama yangu hakutoa. Alisema wake amemfia mikononi. Mpaka anaingia kaburini hakuacha kumlilia, na mimi namshukuru Mungu kwamba sikuzaliwa na mama wa kugawa watoto.”

Nilimtazama Mama. Chini ya meza mguu wake ulikuwa umeukanyaga wangu kwa nguvu zake zote. Akamwuliza tu kama mama yake alikufa kwa tabu. Akajibiwa kwamba hapana, alikufa usingizini. Mama akasema vizuri, akamaliza tambi zake zote.

Mzee alitusindikiza hadi kituoni akimbebea Mama mfuko. Basi lilipofika akamwambia, “Dada, ukipita tena huku usile hotelini. Njoo nyumbani.” Huko kila mama aliyekuzidi umri ni dada, kama huku kwetu. Mama akapokea mfuko wake, akapanda.

Ndani ya basi nilimuuliza kwa hasira kwa nini. Alijibu taratibu:

“Leo mimi nimepata ndugu. Nikimwambia, yeye anapoteza mama. Nimuachie nini?”

Kisha akaniapisha nisikwambie, maana anakujua, ungepanda ndege siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja ninalolijutia. Tulipokuwa ndani ya treni ya kurudi aliniuliza kwa sauti ndogo kama tunaweza kushuka mahali tugeuze. Nilimjibu kwamba treni hii haisimami ovyo. Ilikuwa kweli, lakini kituo cha mbele kilikuwepo, nami sikukitaja, kwa sababu bado nilikuwa nimekasirika. Hakuuliza tena.

Juzi nilirudi mapema kutoka shambani, nikamsikia akimsimulia jirani yetu Mama Gong kwamba ana mdogo wake pwani, mchonga simba, mpishi mzuri ila hutia chumvi nyingi. Aliponiona akaanza kuzungumzia kuku.

Sijui kama alikosea au alifanya sawa. Ninachojua ni kwamba wote wawili ni wazee. Mimi Mama nimezoea kumtii. Wewe ndiye uliyezoea kubishana naye. Njoo, Dada, hata kwa siku chache. Usimwambie kwamba nimekuandikia; sema umemkumbuka tu.

Msalimie shemeji sana, na wapwa zangu wadogo wawili, uwaambie wasome. Mama angekusalimu kama angejua kwamba ninaandika.

Ni mimi mdogo wako,
Rao Jianping