Kwa Baba, Kinyozi Aliyengoja Ua la Majini

Mwaka umezunguka, Baba, tangu kiti chako cha kinyozi kilipobaki kitupu, na hadi leo tukisikia mkasi mahali tunageuka.

Ulikuwa mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Mtoto aliyelia ulimpulizia shingoni mpaka akacheka, huku mashine inaendelea na kazi yake. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani ulimfuata kwake, ukamnyoa vizuri, ukaondoka kabla hajamaliza kukushukuru.

Nyumbani ulikuwa na ugonjwa wako mwingine: lile tangi la samaki la kioo pale sebuleni, na mmea wa majani mapana uliopanda kwenye changarawe. Wenzako hufuga samaki ili wawatazame. Wewe ulitaka mmea utoe ua. Ulitueleza mara ngapi sijui, kwamba mmea ukizama siku zote huota majani tu. Maji yakipunguzwa kidogo kidogo, majani yakatoka juu na kuzoea hewa, ndipo unapochanua. Basi ulichota kwa kikombe, ukafunika tangi kwa kipande cha kioo ili majani yasikauke, ukaenda kazini ukipiga mluzi.

Mama naye, kwa huruma yake kwa samaki, ukigeuka tu anajaza.

"Mke wangu, umeuzamisha tena!"

"Na samaki wangu waogelee wapi, kwenye kijiko? Mshika mawili, baba watoto, moja humponyoka."

"Subira yavuta heri."

"Yako yavuta majani tu."

Tulicheka sana. Miaka yote ile nyumba yetu ilikuwa na vita vya kikombe na ndoo, na hakuna aliyekubali kushindwa. Wateja wakakubatiza Bwana Maua, nawe hukuwahi kuona hata moja.

Hospitalini, kifua kilipokubana hata kukaa huwezi, ulimuuliza Mama maji yamefika wapi. Akakujibu kwa upole kwamba amejaza, usiwe na wasiwasi. Ukatabasamu. "Haya, nikirudi nitaanza upya." Hukurudi, Baba.

Baada ya mazishi Mama hakutaka hata kulisogelea tangi. Samaki tuliwapeleka kwa jirani yetu, fundi cherehani. Mmea tuliusahau, hatukufichi. Nyumba ilikuwa nzito, kila mtu na kona yake ya kulilia. Maji yakawa yanapungua yenyewe taratibu chini ya kile kioo, na hakuna aliyeyajaza.

Mwezi uliopita kitinda mimba wako alikuwa anafuta vumbi, akapiga kelele, tukakimbilia sebuleni. Majani yalikuwa yamesimama nje ya maji. Katikati yake palikuwa na kikonyo kirefu kilichopinda kwa kubanwa na kioo, na juu yake ua jeupe, dogo, la petali tatu. Mama alivuta kigoda akaketi mbele yake kutwa nzima. Chakula alikataa. Alisema neno moja tu: "Kumbe alikuwa anajua." Kisha akalia, na sisi tukalia naye.

Jioni ua lilipoanza kusinyaa, tulimbembeleza. Tukamwonyesha matumba mengine kwenye kile kikonyo, tukamwambia asihuzunike, kesho litafunguka jingine.

"Lifunguke lisifunguke," akasema, "aliyelitaka hayupo."

Unakumbukwa na mkeo mpenzi. Na sisi wanao wanne. Na mdogo wako fundi bomba, ambaye bado anapiga simu yako kwa kusahau. Na dada yako. Na wakwe zako na wajukuu. Na wateja wako, ambao wanazunguka kwa vinyozi wengine na kurudi wakilalamika.

Umetuachia pengo lisilozibika. Moyoni mwetu hutoki, Baba, leo wala kesho.